Hata asali ina cha juu: kubadili kazi katikati ya umri, kwa hesabu za Tabora

Afisa manunuzi anayeambiwa apandishe ankara ili cha juu kipatikane. Afisa mikopo anayemsainisha mama wa genge mkopo wa kausha damu huku akijua genge lile haliwezi kutoa marejesho ya kila wiki. Karani wa ghala ambaye mizani yake, miaka yote hii, imekuwa ikikosea upande mmoja tu. Wengi wa watu hawa si wezi kwa hulka. Wana miaka thelathini na minane, arobaini na mbili, wana watoto shuleni, na wamechoka kurudi nyumbani jioni na jambo wasiloweza kulisimulia wakati wa kula. Wenzao huwatuliza kwa kusema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Msemo huo kwa kawaida hutamkwa na mwenye kamba ndefu.

Mkoani Tabora, mtu wa namna hii akianza kuwaza kazi nyingine, mara nyingi mawazo yanaelekea kwenye asali. Si ajabu. Misitu ya miombo imetanda Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui. Chuo cha ufugaji nyuki kipo hapo hapo Tabora. Ushirika wa wafuga nyuki wa Kipalapala una mizizi tangu miaka ya 1960. Mzinga unaonekana ni kitu kisichoweza kusema uongo: nyuki anafanya kazi, wewe unarina, mteja analamba.

Lakini uongo upo hata humo, na una bei yake. Hakuna kazi iliyo safi kwa jina. Kila kazi ina mahali ambapo udanganyifu unalipa, na anayeingia bila kupajua atajikuta anaufanya ndani ya miaka miwili, hasa akiwa hana akiba. Ndiyo maana makala hii inazungumzia pesa kuliko inavyozungumzia moyo. Mtu mwenye miezi kumi na miwili ya matumizi mfukoni anaweza kukataa kuchanganya sukari kwenye ndoo. Mwenye wiki mbili hawezi, au ataweza mara moja tu.

Umechoka na nini hasa

"Nimechoka na kazi" ni kauli inayobeba mambo kadhaa yasiyofanana. Kuna kuchoka na bosi, na dawa yake ni uhamisho au mwajiri mwingine. Kuna kuchoka mwili tu, ambako kunahitaji likizo iliyolimbikizwa miaka mitatu. Kuna kuchoka na taaluma yenyewe. Na kuna kuchoka na kile ambacho taasisi inakiuza, hata kama bosi ni mwema na taaluma unaipenda.

Njia rahisi ya kuyatenganisha ni daftari la siku 14. Kila jioni andika mistari mitatu: saa iliyopita haraka, saa iliyoburuta, na jambo ulilolifanya ambalo usingependa mwanao alione. Mwishoni soma mstari wa tatu peke yake. Ukiwa mtupu wakati wa pili umejaa, tatizo ni uchovu au mazoea, na hakuna sababu ya kuacha mshahara kwanza. Ukimtaja mtu mmoja yule yule siku tisa kati ya kumi na nne, tatizo lina jina na cheo. Ukitaja kile ambacho biashara nzima inasimama juu yake, kama mkopo unaopata faida pale tu mkopaji anaposhindwa, basi kuhamia kampuni ya jirani kutakurudisha pale pale.

Hapa watu wengi hutupa kitu chenye thamani. Mhasibu aliyechoka kughushi risiti hajachoka uhasibu. Mkoa huu una vyama vya msingi vya ushirika vya tumbaku, vikundi vya wafuga nyuki, vikundi vya kuweka na kukopa, na vingi vinalia na jambo moja: mweka hazina asiyejua kufunga hesabu. Mhasibu mwadilifu anayekwenda kutundika mizinga yake peke yake porini huenda angefaa zaidi, na kulala vizuri zaidi, akitunza vitabu vya wafuga nyuki arobaini. Kubadili mwajiri na kubaki na ujuzi wako ni badiliko pia, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuanza ufundi mpya ukiwa na miaka arobaini na tano.

Barua, siku 28 na mambo yanayosahaulika

Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi kutoa notisi isiyopungua siku 28. Mkataba wako unaweza kudai zaidi, kwa hiyo usome kwanza. Na kama ni wa muda maalum, usidhani notisi ya mwezi inatosha kuuvunja katikati. Siku ya mwisho unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyoipata ukawa hujaichukua, na cheti cha utumishi. Hicho cheti wengi hawakiombi kwa sababu wanaondoka na hasira. Miaka mitatu baadaye benki au mwajiri mwingine anapokihitaji, ofisi imeshahama au meneja ameshabadilika.

Kiinua mgongo cha kisheria, yaani angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, kinahusu ajira iliyokatishwa na mwajiri. Aliyeandika barua kwa hiari asikiweke kwenye hesabu zake. Fao la kukosa ajira kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii nalo halikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyejiuzulu. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika: mtu anahesabu mtaji wa mizinga kwa pesa ambazo hazitakuja.

Tofauti ipo kwa anayelazimishwa. Mwajiri akifanya mazingira ya kazi yasivumilike, kwa mfano kukuandama kwa sababu umekataa kusaini nyaraka za uongo, sheria inaweza kuhesabu kuondoka kwako kama kuachishwa isivyo halali. Dai hilo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku thelathini ni chache kuliko zinavyosikika. Weka nakala za barua na ujumbe mapema, kabla hujarudisha kompyuta ya ofisi.

Kuhusu pensheni, namba ya kukumbuka ni 180. Hiyo ndiyo miezi ya michango, sawa na miaka 15, inayokufungulia pensheni ya uzeeni, kwa hiari ukiwa na miaka 55 au kwa lazima ukifika 60. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kinabishaniwa kila kijiwe, ila kikokotoo hakikuhusu kama hujafika 180. Omba taarifa ya michango yako kabla ya kuandika barua. Mwenye miezi 140 amebakiza 40, ambayo ni miaka mitatu na miezi minne. Aliyejiajiri anaweza kuendelea kuchangia NSSF mwenyewe, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti kama kodi ya nyumba. Angalia pia kama mwajiri alipeleka michango yote. Mapengo hugunduliwa vizuri ukiwa bado ndani.

Halafu kuna madeni yanayokatwa kwenye mshahara. Mkopo wa benki uliodhaminiwa na mshahara haufi mshahara unapokufa. Masharti mengi yanaifanya benki idai salio kwa namna nyingine, na ukweli huo uko kwenye karatasi uliyosaini bila kuisoma. Mkopo wa elimu ya juu, unaokatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa walioajiriwa, unamfuata pia aliyejiajiri. Bima ya afya inayochangiwa kupitia mwajiri nayo inakwisha, na mtoto haugui kwa kufuata kalenda yako.

Mtumishi wa umma ana utaratibu wake kupitia mwajiri wake, na kosa baya kuliko yote ni kutoweka tu. Utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa unatosha kukufukuzisha kazi, na rekodi ya kufukuzwa haifanani hata kidogo na ya kujiuzulu.

Mwezi mtupu

Chukua karatasi uandike matumizi ya mwezi ambao hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna ada. Tuuite mwezi mtupu. Tuseme kwa mfano ni shilingi 650,000. Zidisha kwa kumi na mbili, upate 7,800,000. Kisha ongeza ada za Januari, michango ya familia ambayo haikwepeki, na michango ya hifadhi ya jamii. Watu wa mijini, wa Isevya au Ipuli, husahau mambo mawili: kodi ya nyumba inayodaiwa kwa miezi sita kwa mkupuo, na ndugu wanaotegemea mshahara huo bila kuandikwa mahali popote. Ndugu hao waambiwe kabla, na mwenza wako aione karatasi yote, hata mistari ya aibu. Uamuzi uliofanywa na mtu mmoja hulipwa na nyumba nzima.

Ufugaji nyuki hauna mshahara wa mwezi. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na mavuno makubwa ya asali huja mvua zikishakatika, Mei hadi Julai; madogo hupatikana karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo pesa inaingia kwa mafungu mawili huku tumbo likidai kila siku.

Mzinga unalipa kiasi gani

Tufanye hesabu ya tahadhari, maana za matumaini zimejaa kwenye semina. Una mizinga 40. Nyuki hawaingizwi kwa amri. Unatundika mzinga uliopakwa nta ndani, unasubiri kundi linalohama liupende. Panga kwamba mwaka wa kwanza 24 itaingiwa, yaani asilimia 60, na kila mmoja utoe kilo 8. Hizo ni kilo 192. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 inabeba kilo 28. Mizinga arobaini imekupa ndoo zisizofika saba.

Sasa geuza hesabu. Tuseme ndoo inauzwa 150,000. Weka bei halisi ya msimu wako, hii ni ya mfano tu. Ili upate 7,800,000 unahitaji ndoo 52, sawa na kilo 1,456. Kwa kilo 8 kila mmoja, hiyo ni mizinga 182 yenye nyuki. Kwa kiwango cha asilimia 60, itabidi utundike mizinga 304. Hapo bado hujalipa fundi, usafiri, vibarua wa kurina wala ndoo zenyewe.

Hesabu hiyo haikatazi mtu. Inaonyesha tu kwamba anayeuza asali kwa ndoo anaishi maisha ya mizinga mia tatu, na kwamba pesa iko mbele ya ndoo. Ndoo ile ile ya kilo 28 inatoa makopo 56 ya gramu 500. Kopo likiuzwa 8,000, ndoo imezaa 448,000 kabla ya kutoa kopo, lebo, uchujaji na nauli. Masega yaliyokamuliwa hayatupwi: kwa kila kilo 10 hadi 15 za asali unatarajia takriban kilo moja ya nta, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Iyeyushe kwenye maji ya moto, usiiweke kwenye sufuria juu ya moto wa wazi, la sivyo itaungua na kupoteza bei, au itawaka.

Kufungasha kunaleta karatasi: jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya halmashauri, alama ya ubora ya TBS. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ndiyo mlango mzuri wa kuanzia kwa mjasiriamali mdogo wa vyakula, kwa mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho. Mtu wa ofisini ana faida kubwa hapa. Fomu hazimtishi, anajua kufuatilia faili, anajua kuandika barua inayojibiwa. Warinaji wengi hodari wa Sikonge hukwama hapo hapo.

Makosa ya mzinga wenyewe yana sababu zinazojulikana. Kwenye mzinga wa kisasa wa vibao vya juu, upana wa kibao ndio siri. Kwa nyuki wetu wa Afrika ni milimita 32. Fundi aliyezoea vipimo vya nyuki wa Ulaya, au anayekata kwa jicho, atakupa 35 au 40, na nyuki watajenga sega linalovuka kibao kimoja hadi kingine. Ukifungua, masega yanachanika, majana (watoto wa nyuki) wanamwagika, asali inachuruzika, na kundi zima linakuja juu yako. Vibao 27 vya milimita 32 vinachukua milimita 864. Mpe fundi hesabu hiyo kwa maandishi, na umpe kibao kimoja cha mfano kilichokatwa sawasawa. Mbao ziwe kavu. Mbao mbichi hupinda na kufungua nyufa, na nyuki wanaochungulia mwanga kupitia nyufa hawakai.

Mzinga uninginizwe kwa waya kati ya miti miwili, kiunoni au kifuani mwa mtu mzima, ili nyegere asiufikie kirahisi na wewe usihitaji kupanda mti gizani. Waya upakwe grisi kuzuia sisimizi na siafu, na grisi irudiwe kila inapokauka. Maji yawe karibu, au uweke beseni lenye vijiti vya nyuki kutulia. Manzuki, yaani eneo la mizinga, ikae mbali na nyumba, barabara na mapito ya ng'ombe. Mita 200 ni kiwango cha chini cha busara, na zaidi ni bora. Kuanzia Juni nyasi zinakauka na moto wa porini unaanza kutembea, kwa hiyo fyeka njia ya moto ya mita tatu hadi tano kuzunguka eneo lote. Mizinga thelathini inaweza kuteketea mchana mmoja kwa sababu ya mtu aliyekuwa akisafisha shamba kilomita mbili kutoka hapo.

Ardhi nayo ina habari yake. Kutundika kwenye msitu wa hifadhi kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kwenye ardhi ya kijiji, makubaliano na serikali ya kijiji, yaliyoandikwa na kupitishwa kikaoni, siyo neno la mwenyekiti chini ya mwembe. Uliza pia hadhi ya eneo na mipango yake. Ugalla ilikuwa pori la akiba hadi 2019 ilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa, na hifadhi ya taifa ina sheria kali kuliko pori la akiba. Mizinga huhamishika, lakini miaka mitano ya kuzoea eneo haihamishiki.

Na kabla ya yote, jijue mwili. Kuvimba mkono baada ya kuumwa ni kawaida. Vipele mwili mzima, midomo kuvimba, kizunguzungu au kupumua kwa shida ni dharura ya kukimbizwa hospitali mara moja, na mtu aliyewahi kupata hayo atafute kazi nyingine. Ni afadhali ujue ukiwa umeumwa na nyuki watatu kuliko ukiwa peke yako kilomita kumi ndani ya pori.

Uongo wa kazi hii uko wapi

Wa kwanza kila mtu anaujua: sukari. Kinachosahaulika ni kwamba vipimo vya mtaani havimkamati mwongo wala kumlinda mkweli. Kuwasha njiti iliyochovywa kwenye asali, kudondosha tone kwenye maji, kuangalia kama sisimizi wanaikimbia, vyote havithibitishi kitu. Asali kuganda si dalili ya sukari. Sukari asilia ya glukosi iliyomo ndani ndiyo inayotengeneza chembe. Hata kifaa cha kupimia maji kwenye asali, ambacho kila mfungashaji anapaswa kuwa nacho, kinakuambia kiasi cha maji tu. Sukari iliyochanganywa inahitaji maabara. Maana yake ni kwamba mchanganyaji anaweza kuuza miaka bila kushikwa, na wewe mkweli utakuwa sokoni pamoja naye, kopo lake likiwa nafuu kuliko lako.

Wa pili ni wa kimya zaidi: kurina asali isiyokomaa. Nyuki wakimaliza kukausha asali huiziba kwa nta. Sega linalofaa kuvunwa limezibwa angalau robo tatu. Likiwa wazi, maji yamo mengi, na yakivuka asilimia 20, kiwango cha juu kwenye viwango vya kimataifa, hamira za asili zinaamka na asali inachacha kwenye kopo la mteja. Ndoo ya asali changa inajaa haraka na inalingana sura na iliyokomaa. Nani anayeirina? Mara nyingi ni mzazi anayekabiliwa na ada ya Januari. Ukitaka kujua kwa nini akiba imetajwa mwanzoni, jibu liko hapa.

Wa tatu uko kwenye kupima. Anayenunua kwa warinaji kwa "ndoo" badala ya kilo anajua ndoo iliyojaa hadi ukingoni ina zaidi ya ile iliyojaa hadi mstari, na tofauti hiyo inakwenda kwake. Mtu aliyekimbia mizani iliyochezewa ghalani anaweza kuinunua tena kwa sura ya ndoo. Nunua kwa kilo, kwa mizani yenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, uoshe na kupima ndoo tupu mbele ya muuzaji.

Wa nne unadhulumu miti. Mzinga wa gome unapatikana kwa kuuvua mti gome kuuzunguka, na mti huo unakufa. Ni mzinga wa bei rahisi kabisa na una sifa kwa warinaji wa zamani, ambao hawastahili kudharauliwa, kwani wanayajua maua ya miombo kuliko vitabu. Ila kuua mti wa asali ili kupata mzinga wa asali ni hesabu inayojila yenyewe. Moto wa kuchoma nyuki badala ya kuwafukiza ni wa kundi hilo hilo: unaua kundi, na asali inanuka moshi. Tumia bomba la moshi, uweke maganda au majani makavu, kamwe usiweke plastiki wala mpira.

Ukiziona sehemu hizi nne na bado ukasema ungeweza kuishi bila kuzigusa, kwa bei ile uliyoandika kwenye karatasi, kazi hii inaweza kukufaa.

Kama si nyuki

Swali hilo hilo linafanya kazi kwa ufundi wowote. Useremala wa mninga una heshima Tabora na raha yake ni kubwa, maana jioni unakishika ulichokitengeneza. Uongo wake uko kwenye mbao: gogo lisilo na alama ya nyundo ya misitu na shehena isiyo na hati ya kusafirishia huwa nafuu sana, na karakana nyingi zinaishi kwa unafuu huo. Piga hesabu ya kitanda kwa bei ya mbao halali. Kikikosa mteja, umeshajua. Ufundi wa umeme wa jua unadanganya kwenye betri na unene wa nyaya, sehemu ambazo mteja hazioni. Kwa ufundi wa namna hii VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina kozi fupi, na ina utaratibu wa kuwatambua waliojifunza ujuzi kazini bila kupita darasani, ambao unamfaa mtu mzima kuliko kukaa miaka miwili na vijana wa kidato cha nne.

Mwaka mmoja wa kujaribu ukiwa bado kazini

Usijiuzulu ili ujifunze. Sheria inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hizo ndizo siku zako za uanagenzi.

Julai ongea na fundi, mizinga kumi tu. Agosti au mwanzoni mwa Septemba itundike, kabla mtundu na miti mingine ya miombo haijachanua na makundi kuanza kuhama. Oktoba na Novemba nenda kila wiki ya pili ukatazame ipi imeingiwa, bila kuifungua fungua; mzinga unaosumbuliwa unahamwa. Desemba utaona masega na mkono utawasha. Uache. Kundi lililoingia Oktoba bado linajenga, na ukilipora kabla ya maua ya baada ya mvua litaondoka. Kati ya Januari na Aprili, jiunge na kikundi cha warinaji, uende nao hata kama hulipwi, ujifunze kushika bomba la moshi usiku na kutofautisha sega la majana na la asali kwa uzito wa mkono.

Likizo ichukue Mei au Juni, wakati wa kurina. Beba ndoo za chakula zenye mifuniko inayobana, kwani asali iliyo wazi hunyonya unyevu wa hewa. Tenga masega yenye majana na chavua, usiyakamue pamoja. Chuja kwa kitambaa bila kuchemsha. Uza nusu kwa ndoo na nusu kwa kopo, kwa watu wasiokujua, kwa sababu wafanyakazi wenzako watanunua kwa huruma na namba zao zitakudanganya.

Mwisho wa Julai weka karatasi tatu juu ya meza, wewe na mwenza wako. Moja ina kilo ulizopata kwa kila mzinga ulioingiwa. Moja ina pesa iliyobaki kwa kila kilo baada ya gharama zote, nauli za pikipiki zikiwemo. Ya tatu ni daftari lingine la siku 14, safari hii la siku za porini, likiwa na mistari ile ile mitatu. Kama akiba yenu inafikisha miezi kumi na miwili mitupu, na kilo mlizopata zinakaribia zile mlizopanga, na mstari wa tatu umebaki mweupe, barua ya siku 28 inaweza kuandikwa. Kama moja kati ya hayo haijatimia, agizeni mizinga mingine ishirini na Jumatatu urudi ofisini. Fundi akianza kukata mbao wiki hiyo, itakuwa imetundikwa kabla mtundu haujachanua.